Tulimtenga jirani wakati wa korona: kuaminiana kulikovunjika kunarejeshwaje?

Katibu wa Umoja aliuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninaandika kwa niaba yangu mwenyewe, si kwa niaba ya wenzangu, ingawa jambo lenyewe linatuhusu sote. Mimi ni katibu wa umoja wa majirani wenye kaya zipatazo 40. Umoja huu ulianzishwa miaka mingi kabla ya UVIKO-19 kwa shughuli za kawaida za ujirani: kuchangiana mtu anapofiwa, kumfikisha mgonjwa hospitali usiku, kuangaliana nyumba mwenzetu anaposafiri. Hatukuwa na katiba ndefu, na sikumbuki siku tuliyolazimika kupiga kura, kwa kuwa watu walijuana kiasi cha kuyamaliza mambo kwa mazungumzo.

Katikati ya mwaka 2020, mama wa kaya mojawapo alipimwa akakutwa na virusi vya korona, akaelekezwa ajitenge nyumbani kwa siku 14 pamoja na watoto wake. Alinipigia simu jioni ileile, kwa sababu mimi ni katibu na alitaka tupange namna ya kumsaidia. Nilimweleza mtu mmoja tu wa kamati ili tujue ni nani atakayempelekea mahitaji. Kesho yake asubuhi, katika kundi letu la simu, ilitumwa picha ya mlango wake ikiwa na jina lake chini, pamoja na onyo kwamba watu wasipite upande ule. Kabla ya saa sita mchana, picha hiyo ilikuwa imekwisha kufika kwa watu ambao hata hawamfahamu.

Hakuna aliyemtukana, na hilo nimelifikiria sana, kwa sababu kila aliyeandika siku ile aliamini kwa dhati kwamba analinda watoto wake. Lakini ndani ya siku tatu, kijana aliyekuwa akimpelekea maji aliacha kwenda, na waliokuwa wakisimama ng'ambo ya barabara kumjulia hali wakawa wanapita njia nyingine. Mimi niliyepaswa kusimama niliandika ujumbe mmoja wa kuwasihi watu watulie, kisha nikanyamaza.

Mama huyo alipona. Hakurudi tena kwenye mikutano yetu, wala hakuna aliyemfuata kumuuliza. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza, tarehe 5 Mei 2023, kwamba UVIKO-19 si tena dharura ya afya ya umma ya kimataifa, wengi wetu tulijiambia kwamba mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Mwaka jana homa kali iliingia katika nyumba kadhaa, na ilituchukua wiki mbili kutambua kwamba watu walikuwa wanawaficha wagonjwa wao. Nilipomuuliza baba mmoja kwa nini hakutuarifu, alinitazama akaniambia: "Niliukumbuka ule mlango."

Maswali yangu ni mawili. La kwanza, kuaminiana kulikovunjika namna hii kunarejeshwaje kabla janga jingine halijatukuta? La pili, siku hiyo ikifika, habari za mgonjwa ziwe siri kabisa, au majirani nao wana haki ya kujua? Naomba wenye uzoefu wanisaidie, na msinionee haya pale nilipokosea.

Mhudumu wa Afya Mstaafu alijibu:

Ndugu Katibu, nianze na swali lako la pili, kwa sababu ndilo lililokuwa kazi yangu kwa miaka mingi. Niliwafuatilia watu waliokuwa karibu na wagonjwa wa kifua kikuu, na korona ilipokuja nikaitwa tena kufanya kazi hiyohiyo. Kazi hiyo haina kifaa kikubwa kuliko kinywa cha mgonjwa mwenyewe. Unaketi naye, kwa umbali unaofaa, unamuuliza ni nani analala naye chumba kimoja, alipanda gari na nani, nani alimtembelea tangu aanze kukohoa. Anahesabu kwa vidole. Anafika kidole cha nne, anasita, anatazama mlangoni, halafu anasema, "Basi, ni hao tu." Ukishaifanya kazi hii muda mrefu unajua kwamba kidole cha tano kina jina, na kwamba asipolitaja, mtu huyo ataendelea kuambukiza wengine bila kujua. Kinachoamua kama jina hilo litatajwa si ukali wa sheria, bali ni kile mgonjwa alichokiona kikimpata mtu wa mwisho aliyetajwa. Kwenu ninyi, kila mtu aliuona ule mlango.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba majirani wana haki ya kujua mambo mengi, lakini jina si mojawapo. Wana haki ya kujua kwamba ugonjwa umeingia katika eneo lao, unaambukiza kwa njia gani, dalili zake ni zipi, waende wapi wakiziona, na wajikinge vipi. Hakuna hata jambo moja kati ya hayo linalohitaji jina la mtu. Wanaohitaji kumjua mgonjwa ni wachache: waliokuwa karibu naye, ambao wataalamu huwaarifu, na watakaomhudumia, ambao mgonjwa mwenyewe huwachagua. Ugonjwa kama korona, ambao mtu huweza kuuambukiza kabla hata hajajisikia vibaya, haukimbiwi kwa kuukwepa mlango mmoja. Walioukwepa mlango ule walikuwa wakiketi na kuzungumza bila barakoa katika vyumba visivyo na hewa pamoja na watu waliowadhania wazima.

Kuhusu swali la kwanza, nakuomba utazame yaliyotokea wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi kati ya mwaka 2014 na 2016, ambayo iliwapata zaidi ya watu 28,600 na kuua zaidi ya 11,300, karibu wote nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone. Mwezi Agosti 2014, mtaa wa West Point jijini Monrovia, mji mkuu wa Liberia, ulizingirwa na askari ili kuuzuia ugonjwa usitoke. Kulizuka vurugu, kijana wa miaka 15 akapigwa risasi na akafa, na siku kama kumi baadaye karantini ikaondolewa. Baada ya hapo, wakazi wa mtaa wenyewe ndio waliopita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wagonjwa, kwa sababu ni wao waliojua nani anakaa wapi na nani hajaonekana tangu juzi. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nimeliona hilo kazini mara nyingi.

Nina jambo moja zaidi la kukuonyesha, nalo linahusu maziko. Mwili wa aliyekufa kwa Ebola unaambukiza sana, kwa hiyo timu maalumu zilitumwa kuzika. Mwanzoni zilifika zikiwa zimekwisha kuvaa mavazi meupe ya kinga, nyuso hazionekani, zinauchukua mwili na kuondoka. Familia zikaanza kuwaficha maiti wao na kuwazika usiku. Baadaye mwaka huohuo ukatolewa mwongozo wa maziko salama na yenye heshima: timu ifike na nguo za kawaida, isalimie, itoe pole, iwaulize wafiwa wanataka sala gani na nani atashuhudia, na mavazi ya kinga yavaliwe pale pale, familia ikiona kwamba ndani yake mna binadamu. Ugonjwa ulikuwa uleule na hatari ilikuwa ileile, lakini watu waliruhusiwa kuona uso kabla haujafunikwa. Ukienda kwa mama huyo, nenda na uso wako.

Mwanafunzi wa Sosholojia alijibu:

Namshukuru Mhudumu kwa maelezo yake, ambayo yananirahisishia kazi. Ningependa kuongeza upande wa utafiti, kisha niseme jambo ambalo huenda halitapendeza.

Mwezi Oktoba 2019, miezi michache tu kabla ya korona, ilichapishwa orodha ya dunia iliyopanga nchi kwa kadiri zilivyojiandaa kukabili milipuko ya magonjwa. Marekani ilikuwa ya kwanza na Uingereza ya pili. Sote tunajua yaliyofuata. Marekani peke yake ilipoteza zaidi ya watu milioni moja. Mwaka 2022, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa nchi na maeneo 177, ambao ulitafuta sababu za baadhi ya nchi kuwa na maambukizi mengi kuliko nyingine. Alama za maandalizi hazikueleza tofauti hiyo. Mambo yaliyoonekana kwenda sambamba na maambukizi machache yalikuwa ni watu kuiamini serikali yao, watu kuaminiana wao kwa wao, na kupungua kwa rushwa. Uchambuzi wa namna hii hauthibitishi kwamba kimoja ndicho kilichosababisha kingine, lakini unatosha kumfanya mtu aache kudhani kwamba kuaminiana ni pambo tu la hotuba.

Lugha yetu inatusaidia hapa kuliko vitabu vingi nilivyosoma. Tunasema kuamini, kuaminiwa, kuaminika na kuaminiana, na kila neno lina mzigo wake. Viongozi wengi wakati wa janga hutaka kuaminiwa. Wachache hujiuliza kama wanaaminika, yaani kama matendo yao yanastahili imani hiyo. Na kuaminiana hakupatikani kwa tangazo, kwa sababu ni lazima pande mbili zitende. Umoja wenu ulikuwa na kuaminiana kwa kweli, wala hamkujidanganya. Ndiyo maana mama huyo alikupigia simu jioni ileile badala ya kunyamaza.

Sasa nije kwenye lisiloweza kupendeza. Uhusiano wa karibu baina ya watu si dawa peke yake. Kamba ileile iliyokuwa ikipitisha misaada kwenu ndiyo iliyopitisha picha, na ilipita haraka kwa sababu watu walikuwa karibu na walikuwa wanaaminiana. Wataalamu wa fani yetu hutofautisha mafungamano yanayowashikamanisha watu wanaofanana na yale yanayowavusha kwenda kwa watu wengine: mhudumu wa kituo cha afya, mwalimu, kiongozi wa dini wa upande mwingine, ofisa anayeweza kujibu swali. Kundi lenye mafungamano ya aina ya kwanza tu huwa na joto jingi na habari chache za kweli. Ndugu Katibu, siku picha ile ilipotumwa, je, kundini mwenu kulikuwa na mtu hata mmoja mwenye ujuzi wa afya ambaye angeweza kuandika mistari mitano ya kueleza namna virusi vinavyoenea? Kama hakuwepo, kosa halikuanza siku ile.

Aidha, tusiwaite wajinga wanaoficha wagonjwa. Mwezi Septemba 2018, katikati ya mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini nchini Kongo, watafiti waliwahoji watu 961 katika miji ya Beni na Butembo. Takriban mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo, na chini ya theluthi moja waliwaamini viongozi wa eneo lao kufanya yale yenye manufaa kwa umma. Kwa mtu wa mbali inaonekana kama ukosefu wa elimu. Lakini hawa ni watu walioishi miaka mingi katikati ya mauaji ambayo hakuna aliyekuja kuyazuia. Kisha ukaja ugonjwa, na magari yakaja nao kwa wingi. Kumuuliza mtu kama huyo kwa nini haamini ni kuanzia mwisho wa hadithi. Vivyo hivyo, nchini Marekani, katika jimbo la Alabama, wanaume weusi mamia kadhaa waliokuwa na kaswende walichunguzwa kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kuwa tiba inayojulikana. Wajukuu wao walipositasita mbele ya chanjo ya korona, walikuwa na kumbukumbu yao kama huyo baba wa kwenu alivyokuwa na ya mlango.

Mjumbe Mkongwe alijibu:

Nimewasoma wote kwa makini na ninawaheshimu, lakini naona mnazungumza mno kuhusu picha. Mimi ningeanza na maji.

Katibu amesema kijana aliyekuwa akipeleka maji aliacha kwenda. Kwangu mimi, hapo ndipo ahadi ilipovunjika. Mtu anapoambiwa akae ndani siku 14, anaitoa riziki yake, uhuru wake na heshima yake kwa faida ya wengine, na wanaofaidika wanaingia deni siku hiyohiyo. Deni hilo halilipwi kwa maneno mazuri. Linalipwa kwa kilichowekwa mlangoni kila asubuhi. Katika miaka ile ya korona niliwaona watu wengi waliolaumiwa kwa kutoka nje, na nilipowauliza mmoja mmoja, sikumkuta aliyetoka kwa ukaidi. Walitoka kwa sababu ndani hamna kitu, au kwa sababu wasipokwenda kazini leo hawana kazi kesho. Amri isiyotekelezeka inamfundisha mtu kudanganya, na akishadanganya mara moja kuhusu jambo hilo atalazimika kuendelea.

Kuna kijiji kiitwacho Eyam, nchini Uingereza, ambacho kiliingiwa na tauni mwaka 1665. Mwaka uliofuata, kwa kushawishiwa na kasisi wao William Mompesson pamoja na mtangulizi wake, wanakijiji walikubali kutovuka mpaka wa kijiji ili ugonjwa usienee katika vijiji jirani. Walikufa wapatao 260. Watu husimulia habari hiyo kama habari ya ujasiri, na ni kweli ulikuwa ujasiri. Lakini husahau mpaka wenyewe ulivyofanya kazi. Palikuwa na jiwe lenye vitundu, wanakijiji wakitia sarafu ndani ya vitundu vilivyojaa siki ili zisafishike, na watu wa nje walikuja kuchukua sarafu hizo na kuacha chakula. Mtawala wa eneo lile aliahidi kuwapatia mahitaji wakibaki ndani, naye akaitimiza ahadi. Kila siku upande wa ndani uliona kwamba upande wa nje haujawasahau. Jiwe lile, kwa maoni yangu, lilifanya kazi kubwa kuliko mahubiri.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kabla ya kuandika kanuni za siri ya mgonjwa, andikeni zamu za kupeleka mahitaji. Kila kaya itakayojitenga ipewe watu wawili waliotajwa mapema, ili mmoja akiogopa au akiugua, wa pili aendelee. Kijana wenu aliogopa, na sioni ajabu, kwa kuwa aliachwa peke yake na kazi iliyowahusu watu wa kaya 40. Na mtenge akiba kwa ajili hiyo tu, isiyoguswa kwa shughuli nyingine. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo watu watakaloliona.

Mhudumu wa Afya Mstaafu alijibu:

Mzee wangu, nakubali kuhusu zamu, na nakubali pia kwamba nililiruka jambo la maji. Ila naomba tusitenganishe mawili haya. Kijana aliacha kupeleka maji kwa sababu picha ilimfanya aonekane kama mtu anayetoka kwenye hatari na kuileta mtaani. Anayemhudumia mgonjwa hutengwa pamoja naye. Nimewaona wauguzi waliofukuzwa vyumba vya kupanga kwa sababu ya kazi yao. Zamu bila kulindwa kwa heshima ya wanaohudumu hazitadumu hata wiki moja.

Niliyewahi Kutengwa alijibu:

Sikukusudia kuandika, lakini nimeisoma habari ya mlango mara tatu na sikuweza kulala.

Mimi si mama huyo, ila yaliyompata yalinipata. Watu wa afya waliniambia nijitenge, nami nilikubali kwa moyo wote. Kujitenga ni kitendo changu mwenyewe, ninachokifanya kwa ajili yenu. Kutengwa ni kitendo mnachonifanyia. Ndani ya saa chache nilihamishwa kutoka neno la kwanza kwenda la pili, nikiwa bado katika chumba kilekile na kitanda kilekile. Mwezi Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza msemo wa umbali wa kimwili badala ya umbali wa kijamii, kwa maelezo kwamba miili ndiyo inayopaswa kuwa mbali, si watu. Mimi niliyasikia maneno hayo redioni siku ya sita, na nililia, kwa sababu kwangu ilikuwa kinyume kabisa: miili ya majirani ilikuwa mita chache kutoka dirishani, nilisikia hata vikohozi vyao na vicheko vya watoto wao, lakini wao wenyewe walikuwa wameondoka.

Ndugu Katibu, nina mambo mawili ya kukuambia, na nakuomba usiyachukulie kuwa ni hasira.

La kwanza, umeuliza namna ya kurejesha kuaminiana kabla janga jingine halijawakuta. Usiende kwa mama huyo ukiwa na sababu hiyo mkononi. Atajua. Mtu aliyeachwa siku alipowahitaji wenzake hapendi kurudiwa kwa sababu sasa wao ndio wanaomhitaji. Nenda kwa sababu alidhulumiwa, hata kama dunia haitapata janga jingine kamwe.

La pili, umeandika kwamba ulimweleza "mtu mmoja tu wa kamati". Nimelisoma neno "tu" nikasimama hapo. Je, ulimwomba mama huyo ruhusa ya kumweleza? Alikupigia wewe. Huenda angekubali kwa furaha, lakini hukuandika kwamba ulimuuliza. Nami nadhani hilo ndilo analolijua kuliko sisi sote, kwa sababu alimwambia mtu mmoja jioni, na asubuhi akaliona jina lake chini ya mlango wake. Katika siku 14 za kukaa ndani, mtu ana muda mwingi wa kuhesabu ni nani alikuwa anajua.

Msimwombe radhi kwenye mkutano mbele ya watu. Mimi niliombwa radhi hivyo, nikalazimika kutabasamu na kusema yamekwisha, kwa kuwa watu 30 walikuwa wananitazama na muda wa mkutano ulikuwa umepita. Aje mtu mmoja, aseme alichokifanya yeye mwenyewe, si "yaliyotokea".

Mwanafunzi wa Sosholojia alijibu:

Dada yangu, pole sana, na asante. Nilizungumzia kamba iliyopitisha picha kana kwamba ilijifunga yenyewe. Umenionyesha mkono ulioishika kwanza.

Katibu wa Umoja alijibu:

Nimechelewa kurudi kwa sababu sikutaka kurudi nikiwa na maneno matupu.

Ni kweli, sikumwomba ruhusa. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikijisimulia habari hii nikianzia kwenye picha, na kumbe ilianza kwenye simu yangu. Mwanakamati niliyemweleza ndiye aliyeipiga. Jambo hilo nilikuwa nalijua tangu siku ile, na sikumwambia mtu yeyote.

Juzi jioni nilikwenda peke yangu. Alifungua mlango uleule, ambao sasa umepakwa rangi nyingine, akasimama kizingitini bila kunikaribisha ndani. Nilimwambia niliyoyafanya kwa mpangilio wake: kwamba alinipigia, kwamba nilimweleza fulani bila kumuuliza yeye, kwamba nilijua ni nani aliyepiga picha, na kwamba niliandika ujumbe mmoja kisha nikanyamaza. Sikutaja umoja wala janga lolote lijalo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza jambo moja ambalo sikulitarajia, yaani kama kijana wa maji aliacha kwa hiari yake au alikatazwa. Nilimwambia ukweli, kwamba mama yake kijana alimkataza, naye alikuja kwangu akilia, nami nikamwambia atii. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema kwamba alimchukia mtoto yule miaka yote hii bure.

Aliniambia pia kwamba katika siku zile 14 kulikuwa na mzee mmoja, ambaye si mwanachama wetu na ambaye tumezoea kumpita bila kumsalimu, aliyesimama ng'ambo ya barabara kila jioni saa kumi na mbili, akainua mkono kuelekea dirishani, na kuondoka. Watoto walimngoja. Walikuwa wakinawa nyuso kabla hajafika.

Zamu za watu wawili wawili tumekwisha kuanza kuziandika, na yupo muuguzi wa jirani aliyekubali kuingia katika kundi letu la simu. Hayo yataendelea. Lakini mama huyo hajaniambia kama atarudi, wala sikumuuliza. Alichoniambia wakati naaga ni kwamba mimi nimekuja, na yule aliyepiga picha bado. Nimezungumza na mwanakamati huyo jana. Ameniomba nimpe muda hadi Jumamosi, nami nimemwambia nitamsindikiza mpaka kizingitini, kisha nitamngoja ng'ambo ya barabara.